Wakili wa mtoto aliyepangwa na mahakama: alipwe kwa siku za kusimama mbele ya hakimu, au kwa kazi yote?

#1 Wakili wa Bandarini

Habari zenu wanajamvi. Nina jambo limenikaa kooni tangu Ijumaa.

Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Mombasa, mwaka wa sita sasa. Mwaka jana mahakama moja ya huku pwani ilinipangia kijana aliyeshtakiwa kwa kuvunja duka na kuiba. Hati ya mashtaka ilisema ana miaka 18, na kwa hiyo alikuwa rumande na wakubwa. Nilipomwona kizimbani, mikono imemezwa na shati la mtu mwingine, nikajua hiyo 18 imeandikwa tu na mtu aliyetaka kumaliza karatasi zake.

Yeye mwenyewe mwaka aliozaliwa haujui. Alichojua ni kwamba bibi yake yuko upande wa Lunga Lunga. Jumamosi nikavuka feri Likoni, nikapanda matatu, nikashuka, nikapanda bodaboda, na mwisho nikatembea. Bibi akaingia ndani akarudi na kopo la Kimbo. Ndani ya kopo mfuko wa maziwa, ndani ya mfuko kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne, imeanza kuachana kwenye mikunjo. Tarehe inasomeka. Mtoto ana miaka 15.

Bibi akaniuliza, "Wewe ndiye wakili wa serikali?" Nikamjibu ndiyo, maana serikali ndiyo inayonilipa.

Kadi ile ndiyo iliyomtoa kijana rumande ya wakubwa, na kesi yake ikahamishiwa Mahakama ya Watoto. Sasa Ijumaa nimekwenda kujaza madai yangu ya malipo. Fomu ina safu ya tarehe za kuhudhuria mahakamani na sahihi ya karani. Basi. Jumamosi ile haina mahali pa kuandikwa. Siku nne nilizosimama dakika kumi kumi zinahesabika, na siku moja iliyoamua maisha ya mtoto haihesabiki.

Swali langu: kwenu huko mnalipwaje? Na mnaona ilipweje?

#2 Kipanga wa Temeke

Pole na hongera, wakili msomi. Ila nikusahihishe jambo moja kabla ya mengine. Huku Tanzania Wakili wa Serikali ndiye anayeendesha mashtaka! Usije ukavuka mpaka wa Horohoro ukajitambulisha hivyo kwa bibi wa mtu, atakufungia mlango na kopo lake.

#3 Mama Wawili

Kipanga kasema kwa utani lakini kwetu jambo hilo lilitutesa kweli. Niko Tanga. Mtoto wa marehemu dada yangu alishikwa akiwa na miaka 14. Alipopangiwa wakili, wenzake kule mahabusu wakamwambia, "Huyo kaletwa na serikali, ukimwambia kitu kinakwenda polisi." Wakili akaja mara ya kwanza, mtoto kimya. Mara ya pili kimya, anatazama sakafu.

Mara ya tatu yule baba hakutoa hata kalamu. Alikuwa ameshasikia kwangu kwamba mtoto amelelewa na wavuvi, akamwuliza dema linasukwaje, mlango wake unaachwa upande gani ili samaki aingie asitoke. Mtoto akaanza kuonyesha kwa vidole. Baada ya nusu saa alikuwa ameeleza usiku mzima ulivyokuwa, na ndani yake mlikuwa na jina la mtu mzima aliyemtuma.

Hizo ni safari tatu. Nilimwuliza nani kamlipia nauli, akacheka tu. Kwa hiyo mimi jibu langu kwa wakili wa #1 ni moja: alipwe kwa kazi yote, na kumtembelea mtoto kuwe kwa kwanza kwenye orodha.

#4 Sheria Kwanza

Kwa upande wa Kenya tuanzie kwenye maandishi. Katiba ya 2010, Ibara ya 50(2)(h): mshtakiwa apewe wakili na Serikali kwa gharama ya Serikali iwapo bila hivyo kutatokea udhalimu mkubwa. Ibara ya 53(2): maslahi bora ya mtoto ni ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Halafu Sheria ya Watoto, kifungu cha 77: mtoto akiletwa bila wakili, mahakama inaweza kuagiza apewe, na gharama zitoke katika fedha zilizoidhinishwa na Bunge.

Tazameni neno "inaweza". Jambo ambalo si lazima halitengewi bajeti ya maana. Shida yote ya #1 inaanzia hapo.

#5 Njiwa Manga

Sheria Kwanza, hicho kifungu cha 77 ni cha sheria ya 2001, na ilishafutwa. Tunayotumia ni Sheria ya Watoto Na. 29 ya 2022. Ndiyo hiyo iliyopandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Na kuhusu fedha usisahau Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria pamoja na mfuko wake. Mfuko upo kisheria. Cha kujiuliza ni kilichomo ndani yake, na njia ya kutoka mfukoni hadi kwa wakili wa Mombasa.

#6 Sheria Kwanza

Nimesahihishwa, asante. Lakini hoja yangu haijafa. Ile "inaweza" imeendelea kuishi hata kwenye sheria mpya. Na Mahakama ya Juu mwaka 2017, katika kesi ya Karisa Chengo, ilisema haki ya wakili wa kulipiwa na Serikali haiji yenyewe kwa kila mshtakiwa. Hakimu apime: uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa mtu kujilipia, elimu yake, ugumu wa shtaka, na kama mshtakiwa ni mtoto.

Utoto umewekwa kwenye mizani kama kitu kimoja kati ya sita. Mimi naona utoto peke yake ungetosha.

#7 Mzee wa Malindi

Nyinyi vijana kesi ya Karisa Chengo mnaitaja kwa wakili wa bure tu. Ilitoka huku kwetu Malindi, na kiini chake kilikuwa majaji wa mahakama ya ardhi kukaa kusikiliza rufaa za jinai. Habari ya mawakili iliingia humo humo. Someni hukumu yote, msisome kipande kilichozungushiwa kalamu.

#8 Sheria Kwanza

Shikamoo mzee. Ni kweli, na hoja ya majaji ndiyo iliyobeba kesi. Ila kile kipande nilichokitaja kimo na kinafuatwa.

#9 Mswahili wa Bronx

Salaam kutoka New York. Mimi ni mkalimani wa mahakamani, Kiswahili na Kiingereza, na kesi nyingi ninazoitiwa ni za mahakama ya familia, ambayo hapa husikiliza pia kesi za watoto walioshtakiwa. #1 alipoeleza ile fomu nikasema hapa nako tulipita.

Jimbo la New York limekuwa likiwapangia watoto mawakili tangu sheria ya mahakama ya familia ya 1962, hata kabla ya kesi ya Gault ya 1967. Gault alikuwa kijana wa miaka 15 wa Arizona, akatuhumiwa kupiga simu ya matusi, na akaamriwa akae shule ya kurekebisha tabia mpaka afikishe 21. Mtu mzima kwa kosa lile lile angepata faini ndogo au miezi miwili. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema mtoto naye ana haki ya wakili, na asiye na uwezo apangiwe.

Sasa malipo. Tangu 1986 wakili wa kupangiwa hapa New York alilipwa dola 40 kwa saa akiwa ndani ya mahakama, na dola 25 kwa saa akiwa nje: kumtembelea mtoto, kutafuta mashahidi, kusoma faili. Yaani kazi ya kopo la Kimbo ilikuwa na bei, lakini pungufu. Viwango vile vilikaa karibu miaka 18 bila kuguswa. Mawakili wakaanza kukataa kesi, na waliobaki wakabeba mizigo isiyobebeka. Chama cha mawakili cha kaunti ya New York kikalishtaki jimbo kwa niaba ya watoto na watu wazima wasio na uwezo. Mwaka 2003 Jaji Lucindo Suarez akaamuru walipwe dola 90 kwa saa, ndani na nje sawa. Kuanzia 2004 sheria ikaweka 75 kwa mahakama ya familia. Halafu ikalala tena mpaka 2023, ikawa 158.

Ninachotaka mkione ni kule kufutwa kwa tofauti ya ndani na nje. Kiwango kinaweza kubishaniwa, lakini bei ikiwa nzuri ndani na mbaya nje, umemfundisha wakili asitoke.

#10 Kipanga wa Temeke

Dola 158 kwa saa? Mkuu, tuma nauli.

#11 Mwalimu Hamisi

Ndugu zangu, naomba nitoe mawazo tofauti. Kumtetea mtoto wa maskini ni ibada. Kila mwenye taaluma atoe kesi mbili tatu kwa mwaka, bila fomu wala karani. Hata huko Marekani nimesoma kuna watu maelfu wanaowasimamia watoto mahakamani bure kabisa, wanajitolea. Kwa nini sisi tuanze na bei?

#12 Mswahili wa Bronx

Mwalimu, hao unaowasema wapo. Walianzia Seattle mwaka 1977, jaji mmoja aitwaye David Soukup alipoona anaamua maisha ya watoto walioteswa nyumbani bila habari za kutosha. Lakini si mawakili. Kazi yao ni kumfuatilia mtoto aliyetelekezwa au kudhulumiwa na kumweleza jaji wanaloona linamfaa. Mtoto aliyeshtakiwa kuvunja duka hawamtetei. Na kazi ya wakili ni tofauti: hapa kanuni inamtaka wakili wa mtoto asimamie anachotaka mtoto mwenyewe, hata kama watu wazima wote chumbani wanataka kingine. Mambo hayo mawili yasichanganywe.

#13 Mama Wawili

Mwalimu Hamisi, na mimi naamini thawabu. Lakini yule wakili wetu ana watoto shule. Safari tatu alizokuja bure, siku hizo hakufanya kazi ya mtu mwingine. Ukimtegemea mwema mmoja, watoto watakaoshikwa mwezi ambao huyo mwema anaumwa watakuwa wa nani?

#14 Mwalimu Hamisi

Hapo dada umenibana. Lakini ukishaweka pesa, watakuja pia wanaofuata pesa, wakajaza saa za uongo. Hilo nalo naomba mlijibu.

#15 Ustawi Mstaafu

Nimekuwa afisa ustawi wa jamii kwa miaka 27, Tanzania Bara. Mnaongea kana kwamba kwenye chumba cha mtoto kuna wakili peke yake.

Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 99 inataka kesi isikilizwe faragha, kwa utaratibu usiotisha, afisa ustawi awepo, mzazi au mlezi awepo, na mtoto ana haki ya wakili. Ripoti ya uchunguzi wa kijamii, yaani nyumbani kukoje, shule wanasemaje, nani atampokea, niliiandika mimi. Nilikwenda kwa mguu vijiji ambavyo wakili hakuwahi kuvisikia. Nami nauli yangu ilichelewa, na mara nyingine haikuja.

Mawakili wengi nilioshuhudia wakipangiwa watoto waliisoma ripoti yangu mlangoni, wamesimama, mkono mmoja kwenye joho. Dakika tano baadaye wanazungumza kama waliozaliwa na mtoto yule. Siwalaumu wote. Nasema kabla hatujaongeza posho ya wakili, tuulize kwanza kama afisa ustawi ana mafuta ya pikipiki. Umri wa mtoto, ile kadi ya kliniki, hiyo ni kazi ambayo afisa angeifanya wiki ya kwanza kama angewezeshwa.

#16 Wakili wa Bandarini

Mzee Ustawi, shikamoo. Maneno yako yameniingia. Kwenye kesi yangu afisa wa watoto alikuwapo, ila alikuwa na mafaili mpaka juu ya kiti cha wageni. Kadi ile hangeweza kuifuata mwezi ule. Lakini naomba nikupinge kidogo: ripoti yako ni ya mahakama, kila upande unaisoma. Mtoto anahitaji mtu mmoja ambaye akimwambia siri haiendi kwenye ripoti. Yule wa Tanga asingelitaja jina la aliyemtuma mbele ya mtu anayeandika ripoti.

#17 Ustawi Mstaafu

Marahaba. Hapo kuna ukweli. Lakini wengine walinitajia majina, maana mimi nilirudi mara ya tatu na ya nne, na wao waliniona narudi. Jambo ni kurudi.

#18 Kipanga wa Temeke

Nirudi kwenye mada, utani kando. Mimi naona kulipa kwa kesi ni mtego kila upande. Ukilipa kwa siku za mahakamani, kesi itaahirishwa mpaka mtoto aote ndevu. Ukilipa kima kimoja kwa kesi nzima, wakili atamshauri akiri kosa asubuhi ili wamalize saa sita. Ukilipa kwa saa, utaambiwa na Mwalimu Hamisi habari ya saa za uongo. Waajiriwe kwa mshahara! Afrika Kusini wana shirika la umma la msaada wa kisheria lenye mawakili wake wenyewe wa mshahara, na sheria yao ya haki za watoto kwenye jinai ya 2008 inasema mtoto hawezi hata kuikataa haki ya kuwa na wakili. Ile "inaweza" ya Sheria Kwanza kule haipo.

#19 Njiwa Manga

Mshahara sawa, lakini nani atakubali kukaa Lodwar au Hola kwa mshahara huo? Mawakili wamerundikana Nairobi na Mombasa. Kwenye miji midogo anayepangiwa kesi analazimika kusafiri, na tunarudi pale pale kwenye nauli.

#20 Kipanga wa Temeke

Ndiyo maana huku kwetu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ikawatambua wasaidizi wa kisheria. Wapo mpaka vijijini. Mahakamani hawaruhusiwi kusimama kama wakili, lakini kadi ya kliniki wanaweza kuifuata. Wakili abaki na kazi ya kizimbani.

#21 Mama Wawili

Na hao wasaidizi nani anawalipa?

#22 Kipanga wa Temeke

Wengi wanajitolea.

#23 Mama Wawili

Basi tumemzunguka Mwalimu Hamisi na kurudi nyumbani kwake.

#24 Karani Mstaafu

Nimesoma uzi wote, naona karani anatajwa kama ukuta. Nilikuwa karani wa mahakama Kenya miaka 19, niwaambie nilichokiona kwa macho yangu.

Pesa kukosekana ipo, sikatai. Lakini madai mengi yaliyopita mezani kwangu yalirudi kwa sababu nyingine. Wakili anajaza nambari ya kesi ya zamani baada ya kesi kuhamishwa. Hakuambatisha nakala ya amri ya kumpangia kesi. Au hakimu aliyempangia amehamishwa na mpya haoni kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi, mahali palipoandikwa jina la wakili, maana siku ile ilisemwa kwa mdomo tu. Faili la mtoto likihama kutoka mahakama ya kawaida kwenda ya watoto linapata nambari mpya, na hapo ndipo madai yanapofia. Wakili wa #1, kesi yako imehama. Nina wasiwasi na wewe.

La pili: fomu haina safu ya safari, lakini hakuna aliyekukataza kuambatisha karatasi. Niliwahi kuona wakili mmoja akiomba siku ile ile ya kutoa ushahidi wa umri kwamba hakimu aandike kwenye mwenendo: "Wakili amesafiri kwenda mahali fulani kutafuta kumbukumbu ya umri, kwa maelekezo ya mahakama." Mstari mmoja tu. Alipodai, hakuna aliyeuliza. Asiyeandikiwa mstari huo, safari yake ni ya kwake.

#25 Wakili wa Bandarini

Karani, hapo umenigusa. Kadi niliitoa, hakimu akaipokea kama kielelezo, akaandika umri na amri ya kuhamisha. Habari ya safari sikuiomba iandikwe. Nilikuwa na furaha tu kijana anatoka.

#26 Karani Mstaafu

Mwenendo unataja kadi imetoka wapi?

#27 Wakili wa Bandarini

Ndiyo. "Imetolewa na bibi wa mshtakiwa, wa Lunga Lunga, na kuletwa na wakili."

#28 Karani Mstaafu

"Na kuletwa na wakili." Omba nakala iliyothibitishwa ya ukurasa huo, amri ya kukupangia kesi, na amri ya kuhamisha yenye nambari zote mbili, ya zamani na mpya. Andika barua ya ukurasa mmoja, siyo mitatu. Stakabadhi za matatu huna, weka kiapo kifupi cha njia uliyopita.

#29 Sheria Kwanza

Hiyo itamlipa yeye. Wakili wa mwakani asiyemjua Karani je? Dawa ni kanuni ibadilishwe, safari ya kumwona mtoto na ya kutafuta umri ziwe na safu yake.

#30 Mzee wa Malindi

Dawa ni polisi wasiandike 18 mtoto wa 15. Hapo safari yenyewe isingekuwapo.

#31 Mswahili wa Bronx

Nitoke nje ya mada kidogo. Mkalimani hapa analipwa kwa nusu siku au siku nzima, pamoja na muda wa kungoja kwenye benchi. Mara ya kwanza nilishangaa nalipwa kwa kungoja. Sasa naelewa. Kwenye benchi ndipo mama wa mtoto anaponiuliza neno lililomtisha kwenye karatasi, nami namwita wakili aje amweleze kabla hawajaingia.

#32 Mama Wawili

Wakili wa Bandarini, kijana yukoje lakini? Tumezungumza pesa siku mbili, hatujamwulizia.

#33 Wakili wa Bandarini

Asante dada kuuliza. Yuko makao ya watoto, anasoma. Kesi inatajwa Alhamisi. Juzi nilipokwenda aliniomba daftari la mraba, la hesabu. Bibi naye amenitumia ujumbe kwa simu ya jirani, anataka kadi yake irudi kwenye kopo. Nimemwambia iko kwenye faili mpaka kesi iishe, akasema basi nimpe picha yake. Nitaichapisha nimpelekee.

Madai nayapeleka Jumatatu kama Karani alivyoelekeza. Nitaleta mrejesho.

#34 Karani Mstaafu

Nambari zote mbili. Usisahau.